Kutozinduka Siku ya Pili Si Hukumu ya Kifo

Wengi huamini kwamba mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ukarudi kupiga, lakini akabaki bila fahamu hadi kesho yake, ndiyo basi tena. Si kweli. Dawa za usingizi anazopewa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, hasa ini na figo zikiwa zimezorota, hukawia mwilini na kuufanya ubongo uonekane umeumia kuliko ulivyo. Ndiyo maana mwongozo wa matibabu wa Ulaya wa mwaka 2021 ulitaka ubashiri, yaani kukadiria kama mgonjwa atapona, usubiri angalau saa 72 tangu moyo urudi kupiga, na hata hapo dalili moja haitoshi. Daktari humulika macho kwa tochi aone kama mboni zinabana, kisha hugusa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) kwa uzi wa pamba aone kama kope zinapepesa. Vyote viwili vikikosekana, katika macho yote mawili, bado (na hapa ndipo ndugu hukata tamaa mapema) ni dalili moja tu, inayohitaji nyingine, kama picha ya ubongo yenye madhara yaliyoenea. Zisipotimia mbili, mgonjwa huendelea kuangaliwa na kupimwa upya, kwani wapo wanaozinduka baada ya siku kadhaa zaidi.