Florida State 2024: tazama watano wa mbele

Timu ya chuo ikiboronga msimu mzima, swali la kwanza ninalopata ni kocha kaharibu wapi. Mimi kocha namwacha kwanza. Natazama jaribio la kwanza.

Kwenye futiboli ya Kimarekani unapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Ukipata yadi tano mapema, wapinzani hawajui utakimbia na mpira au utaurusha. Ukiambulia patupu mara mbili, uwanja mzima unajua utarusha, na walinzi wanamfuata kwotabeki wako, yaani mrushaji wa mpira, mbiombio bila kujiuliza chochote.

Mwaka 2023 Florida State walishinda mechi 13 mfululizo, kisha Georgia wakawapiga 63–3 kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu. Msimu uliofuata walishinda mbili na kupoteza 10. Hawakuwa wamepoteza nyingi hivyo tangu 1974, waliposhinda moja na kupoteza 10.

Lawama nyingi zilimwangukia kwotabeki DJ Uiagalelei. Simtetei sana, lakini irudie mechi ya Boston College, ile ya 28–13, ukisahau mpira na kuwakodolea macho wale watano wa mbele tu, wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Boston College walikimbia yadi 263. Florida State, 21. Yadi 21 kwa mechi nzima! Hapo hata kwotabeki bora hana pa kujificha.

Pengo lilitoka wapi? Wachezaji 10 wa kikosi cha 2023 walichukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, wakiwemo Jared Verse na Keon Coleman. Kocha Mike Norvell akaliziba kwa wahamiaji kutoka vyuo vingine, na huwezi kumwita mjinga kwa hilo, maana Verse mwenyewe alitoka Albany na Coleman Michigan State. Njia hiyohiyo ndiyo iliyompa zile 13. Ila mdakaji mzuri anaweza kuhamia leo na mwezi ujao akakufungia tachidauni, yaani akaufikisha mpira mwisho wa uwanja. Safu ya mbele haiendi hivyo: watano wanapaswa kuhama mguu kwa pamoja, mmoja akijua jirani yake atamwachia nani, na mazoea hayo huchukua misimu.

Matokeo yake yako kwenye ubao. Ukiitoa Charleston Southern, timu ya daraja la chini waliyoipiga 41–7, hakuna mechi waliyopata zaidi ya pointi 21. Na hizo 21 zilikuja kwenye mechi ya ufunguzi jijini Dublin, wakalala 24–21 kwa teke la Georgia Tech la yadi 44 muda ukiwa unaisha.

Notre Dame walipowapiga 52–3, Norvell aliwatimua waratibu wa ushambuliaji na ulinzi. Kwenye ushambuliaji akamleta Gus Malzahn, aliyeacha ukocha mkuu wa chuo cha UCF, mtu ambaye mbinu zake kwa miaka mingi zimeanzia kwenye kukimbia na mpira.