Je, wajua kwa nini ardhi ya gemu ya treni hujirudia kama ua la kitenge?

Katika Trainz, gemu ya treni iliyotolewa kwanza na kampuni ya Auran ya Australia mwaka 2001, mchezaji anaweza kujitengenezea ardhi yake. Picha moja ya mraba, tuseme ya udongo mwekundu wa Voi, hupakwa juu ya ardhi tupu, na gemu huirudia bega kwa bega hadi upeo wa macho. Ukiitazama kutoka juu, badala ya nyika unaona ubao wa drafti.

Kwa muda mrefu niliamini kosa ni kingo kutoungana. Nikawa naisogeza picha nusu upana na nusu kimo ili kingo zije katikati, nafuta mshono, narudi kwenye gemu. Mshono umekwisha kabisa, drafti iko palepale. Kingo lazima ziungane, hilo halina mjadala. Lakini mshono ni uzi mwembamba tu, na ukienda mbali kidogo unapotea. Kinachoonekana kutoka mbali ni kingine.

Chukua kitenge kinachochapwa kwa rola. Rola ikiwa na doa moja, doa hilo litatokea kila mzunguko, umbali uleule, hadi jora liishe. Aliyekishika mkononi anaona maua. Anayekiona kimeanikwa ng'ambo ya barabara anaona safu ya madoa. Kwenye picha yangu doa lilikuwa jiwe moja jeupe, pamoja na kona ya kushoto iliyoingiwa na giza kidogo.

Kompyuta nayo hulikuza kosa hilo. Ardhi ya mbali haichorwi kwa picha kamili, bali kwa nakala zilizopunguzwa, kila pikseli 4 (vitone vinavyounda picha) zikichanganywa kuwa 1, hivyo upana hupungua nusu kwa nusu: 512, 256, 128, hadi pikseli moja tu. (Ndiyo sababu hupendelewa 512 na si 500, kwani 500 ukiigawa kwa 2 inafika 125 na kukwama.) Ni kama kusaga: changarawe na vijiti huwahi kuyeyuka, ila tofauti pana kati ya upande wenye mwanga na upande wenye giza hudumu karibu hadi mwisho. Kwa hiyo dereva akitazama mbele, ardhi ya mbali inamwonyesha kasoro ileile ambayo wewe, ukiwa karibu, hukuiona.

Basi piga picha siku ya mawingu, kamera ikitazama chini wima. Sawazisha mwanga, kisha ondoa kila chenye sura yake: jani kavu, unyayo, kizibo cha soda. Ili kupima, ipunguze hadi pikseli 8 kwa 8. Ukiona bado kuna upande mweusi, haijaiva. Kokoto huvumilia zaidi kuliko nyasi, maana zenyewe zinafanana.

Trainz hukuruhusu pia kuizungusha picha unapoipaka, na hilo huvunja mpangilio vizuri sana, mradi haina vivuli vya jua. Ikiwa navyo, vitaelekea kila upande chini ya jua moja.

Lile jiwe jeupe sikulitupa. Nililitengeneza kama kitu cha peke yake, nikaliweka mara moja tu, kando ya reli.