Nyonga si kiuno

Nyonga ni kiungo: mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kishimo kilicho ubavuni mwa fupanyonga, yaani ule mfupa mpana ulio kati ya uti wa mgongo na mapaja. Kila mtu anazo mbili. Maana yenyewe inaishia hapo, na kinachobaki ni kuondoa yale ambayo watu wameyarundika juu yake, kwa sababu siku hizi kila kinachouma kati ya kitovu na goti kinaitwa nyonga, na kila mwalimu wa mazoezi ana namna yake ya "kuifungua".

Mwambie mtu ashike nyonga yake. Mara nyingi atashika ule ukingo wa mfupa ambapo mkanda wa suruali hukaa. Huo ni ukingo wa juu wa fupanyonga, na kiungo kiko chini yake sana. Mwenye kujua zaidi kidogo atashika kile kinundu kigumu cha ubavuni, kinachogusa godoro ukilalia upande. Huyo amekaribia. Kinundu hicho ni cha mfupa wa paja, na ncha yake ya juu iko takriban usawa mmoja na kiungo. Lakini kati ya hivyo viwili ipo shingo ya mfupa wa paja, inayoingia ndani kwa kukingama, na kwa mtu mzima hufanya pembe ya nyuzi 125 hivi na mfupa wenyewe. Kiungo kiko mwisho wa shingo hiyo, nyuma ya mkunjo wa kinena. Ukibonyeza vidole katikati ya mkunjo huo utasikia mapigo ya mshipa mkubwa wa damu wa paja. Nyuma ya mshipa, ndani zaidi, ndipo kilipo kichwa cha mfupa.

Kishimo huundwa na mifupa mitatu ambayo utotoni hutenganishwa na gegedu (kitu kigumu kiasi lakini kinachonyumbulika, kama cha sikio), kisha huungana kuwa mmoja wakati wa balehe. Ukingo wake umezungukwa na pete ya gegedu inayokiongezea kina, na kiungo chote kimefungwa kwa kano nene. Ile ya mbele ndiyo kano yenye nguvu kuliko zote mwilini. Hukaza unaposimama wima, ndiyo maana unaweza kusimama kwenye foleni muda mrefu bila misuli ya nyonga kuhangaika sana. Ni mchi uliozama kwenye kinu: huzunguka upande wowote, lakini hauchomoki hivihivi.

Kwa hiyo hunishangaza kusikia kwamba fulani aliinua ndoo, nyonga ikateguka, akakandwa jioni na asubuhi akaamka mzima. Nyonga timamu ya mtu mzima haichomoki kwa kuinua ndoo. Hutaka nguvu kubwa, kama ile ya ajali ya gari ambapo goti hugonga mbele na paja likasukumwa nyuma, na nyingi huchomokea nyuma kweli. Aliyepatwa na hilo hatembei. Mguu wake huonekana mfupi na umegeukia ndani, na kiungo kinatakiwa kirudishwe hospitalini ndani ya saa chache, kwa kuwa mishipa inayokilisha kichwa cha mfupa ni michache na damu ikikatika mfupa huanza kufa. Yule wa ndoo kilichomkwama ni mgongo.

Kiuno sasa. Hicho ni sehemu iliyo kati ya mbavu na fupanyonga, na mifupa yake ni pingili tano za uti wa mgongo. Zimepangika kwa namna inayokuruhusu kuinama na kunyooka, lakini hukuzuia sana kujigeuza. Zote tano kwa pamoja kwa kawaida hazifikishi hata nyuzi 15 kila upande. Mchezaji ngoma anayesifiwa kwa kuzungusha kiuno, basi, kwa sehemu kubwa anazungusha fupanyonga juu ya vichwa viwili vya mapaja. Kiuno kinapinda kufuata. Sifa zinaenda kwa jirani.

Nadhani mkanganyiko unatokana na jambo moja: nyonga hujongea kwa njia mbili, na tunaitambua moja tu. Ukiinua goti, mwili ukiwa umetulia, kila mtu anakubali kwamba nyonga imejikunja. Lakini ukiweka miguu chini na kuinamisha kiwiliwili huku mgongo umenyooka, fupanyonga linapinduka mbele juu ya mapaja, na hicho ni kitendo kilekile cha kiungo kilekile. Watu hukiita kupinda kiuno. Anayefundisha kuinua mizigo akitumia maneno hayo, mwanafunzi msikivu atapinda mgongo, yaani atafanya hasa alichokuwa akikatazwa.

Vipimo navyo vinasaidia. Nyonga hujikunja hadi nyuzi 120 hivi goti likiwa limepinda. Goti likinyooka, misuli ya nyuma ya paja hukatiza safari mapema zaidi. Kulipeleka paja nyuma ni kama nyuzi 20 tu, na anayeonekana kurusha mguu nyuma juu kabisa ameazima zilizobaki mgongoni. Kuhusu "kufungua": kina cha kishimo na uelekeo wa shingo ya paja hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hakuna zoezi linalovibadilisha kwa mtu mzima. Kinacholegea ni misuli. Anayeshindwa kukaa miguu imetanuka kabisa huenda si mvivu, amezaliwa na mifupa ya umbo hilo.

Misuli inayovuka kiungo hiki ni zaidi ya 20, sitaitaja yote. Mmoja, iliosoasi, huanzia kwenye pingili za kiuno na ndani ya fupanyonga, hupita mbele ya kiungo na kujishika kwenye kinundu kidogo cha ndani ya paja. Ndio mkunjaji mkuu, na ndio unaowapa watu wa kiuno kisingizio cha kuchanganya mambo. Msuli mkubwa wa tako, ambao husifiwa kuliko wote, hunyoosha nyonga unapoinuka kitini, unapopanda ngazi au kukimbia. Kwenye kutembea kwa kawaida, mahali tambarare, hufanya kazi ndogo. Wanaotutembeza hasa ni wenzake wawili waliojificha ubavuni, wa kati na mdogo. Kila unapoinua mguu mmoja, hao wa upande uliokanyaga huvuta fupanyonga lisianguke upande wa pili. Kwa sababu nao wanabana kiungo wakivuta, nyonga ya mguu uliosimama hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Friedrich Trendelenburg, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alieleza mwaka 1895 jinsi misuli hiyo ikidhoofika fupanyonga linavyoshuka upande usiokanyaga, na mpaka leo madaktari humsimamisha mgonjwa kwa mguu mmoja kulitazama hilo.

Nyonga yenyewe ikiugua, maumivu mara nyingi huja kinenani, pengine yakashuka mbele ya paja hadi gotini, kwa kuwa neva zinazohudumia nyonga huhudumia na goti. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti ambalo halina kasoro apimwe nyonga pia. Kiungo kinaposagika, kugeuza paja kwa ndani hupungua mapema, na kuvaa soksi huwa shughuli. Maumivu ya ubavuni, pale kwenye kinundu, kwa kawaida ni ya kano za ile misuli miwili midogo. Ya nyuma, juu ya tako, mara nyingi hutoka mgongoni, au kwenye kiungo kinachounganisha fupanyonga na mwisho wa uti wa mgongo.

Ukifika kwa daktari, basi, onyesha kwa kidole kabla hujataja jina. Na kidole kikitua nyuma, juu ya tako, sema tu kiuno kinauma. Atakuelewa.