Kigari cha redio na kigari cha rimoti

Juzi tena, dukani. Muuzaji kashika kigari chenye waya unaotoka tumboni mpaka kwenye kidude cha mkononi, anamwambia mteja: "Hii ni RC, mama." Nikanyamaza, lakini siyo.

Kigari cha redio ni gari la mfano linaloongozwa kwa mawimbi ya redio: mkononi mwako kuna kirusha mawimbi, ndani ya gari kuna kipokezi. Maana ndiyo hiyo tu. Kinachoniudhi ni hiyo R ya RC (kwa Kiingereza *radio-controlled*, yaani kinachoongozwa kwa redio), ambayo kila mtu anaisoma "rimoti".

Rimoti inatokana na Kilatini *remotus*, kilichosogezwa mbali. Neno hilo linasema uliposimama, halisemi unatumia nini. Waya ni rimoti. Rimoti ya televisheni nayo, kwa kawaida, hutumia mwanga usioonekana. Mtu akikaa mbele yake, chaneli haibadiliki. Redio inatokana na *radius*, yaani mwale, na pia spoku ya gurudumu (kwa hiyo gurudumu lilikuwamo kwenye neno kabla ya gari). Mvumbuzi Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo kwa mawimbi ya redio mwaka 1898, New York.

Magari yalichelewa sana. Miaka ya 1930 na 1940 Wamarekani walikuwa na vigari vya injini ya petroli vilivyofungwa kamba kwenye mlingoti, vikizunguka kwa kasi ya kutisha bila mtu kuvipinda. Kisha vikaja vya kukimbia kwenye mfereji mwembamba wenye umeme, uliochongwa kwenye njia yake: mwendo unaupanga wewe, kona inapangwa na mfereji. Redio za awali zilikuwa nzito, na usukani wake ulijua kukata wote au kutokata kabisa. Ndege ya mfano huvumilia hilo, anga ni pana. Gari litaishia ukutani. Ni mitambo ya miaka ya 1960, ambayo gurudumu hupinda kadiri kidole kinavyosogea, iliyoufungua mlango. Mwaka 1966 kampuni ya El-Gi ya Italia ilitoa Ferrari 250LM ya umeme, ambayo wengi huitaja kuwa ya kwanza kuuzwa. Associated Electrics ya California, iliyoanza na vigari vya mfereji, ikahamia kwenye redio. Tamiya ya Japani ikafuata mwaka 1976 na Porsche 934, ambayo bodi yake ilibuniwa kwanza kwa gari la mfano la kuwekwa kabatini tu.

Basi ndugu yangu muuzaji, chenye waya kiite cha rimoti, hujakosea. Kisicho na waya, jifiche nyuma ya kochi ukiendeshe. Kikikutii, hicho ni cha redio. Na mteja akiuliza mbona hakitangazi taarifa ya habari, hilo nalo ni swali la haki, mweleze taratibu.