Antivairasi ya bure: tunayoambiana Mbeya, na ukweli wake

Wiki za mitihani ya muhula zikikaribia, walimu wa huku Uyole huanza kubisha hodi kwangu na kompyuta zao begani. Mimi si mwenye duka. Nilisomea mambo ya kompyuta, na majirani wanajua. Tatizo huwa lilelile: flashi imetoka steshenari, mitihani haifunguki, na kabla sijagusa kitu naulizwa, “Sasa nikanunue antivairasi gani?”

Jibu langu huwakera wengine: usinunue. Ila nyuma ya swali hilo kuna mambo mengi tunayoambiana, kuanzia Mwanjelwa hadi Kihesa kule Iringa, ambayo si kweli, na yanatupotezea fedha na kazi zetu.

“Ya bure haina kitu”

Msemo wa rahisi ghali unafaa ukienda kununua viatu. Kwenye antivairasi unapotosha. Kampuni nyingi zenye toleo la bure na la kulipia hutumia injini ileile ya kukamata virusi katika matoleo yote mawili. Unachoongezewa ukilipa ni VPN (njia ya faragha ya kupita mtandaoni), kitunza nywila, udhibiti wa watoto, au mtu wa kumpigia ukikwama. Kama hivyo huvitumii, umelipia mapambo.

Na kubwa zaidi: kama kompyuta yako ina Windows 10 au 11, antivairasi ya bure unayo tayari. Inaitwa Microsoft Defender. Imekuja na Windows yenyewe, haiishi muda, haikudai usajili. Kuna kipindi ilikuwa na sifa mbaya, na haikusingiziwa; miaka ya mwanzoni mwa 2010 majaribio yaliiweka mkiani. Wengi wetu tulibaki na picha hiyo. Siku hizi maabara huru ya AV-TEST iliyoko Magdeburg, Ujerumani, ambayo hupima uwezo wa kinga kwa alama zisizozidi 6, mara nyingi huipa 6 kamili. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, nayo hupima programu hizi kila mwaka. Matokeo ya wote wawili yanasomwa bure mtandaoni. Anayetaka kuchagua aanzie huko kabla ya kusikiliza tangazo.

Kuhakikisha kama inafanya kazi ni jambo la dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika “Windows Security”, fungua sehemu ya virusi. Ukiona tiki ya kijani, iko kazini. Ukiona jina la antivairasi nyingine, maana yake Defender imejiweka pembeni kuipisha hiyo. Wengi wananaswa hapo: kompyuta imenunuliwa na antivairasi ya majaribio ndani, majaribio yameisha, na kila siku inawatishia walipe. Iondoe kabisa, zima na uwashe kompyuta, Defender itarudi kazini.

“Nimeweka mbili, niwe salama zaidi”

Hapana. Kila moja inataka kulikagua kila faili linapofunguliwa, kwa hiyo zinagombania faili moja, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 inabaki kuhema. Baki na moja. Nimeona kompyuta kadhaa zilizosemwa “zina virusi kwa sababu ni nzito”, kumbe uzito wote ulitoka kwa antivairasi mbili zinazosukumana.

“Nyumbani sina intaneti, virusi vitoke wapi?”

Hii ndiyo inayotuumiza kuliko zote huku Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu kazi zetu hutembea kwa flashi. Mwalimu anaandaa mtihani nyumbani, anaupeleka steshenari kuchapa, anapita shuleni kuuhifadhi kwenye kompyuta ya ofisi, anarudi nayo nyumbani. Kompyuta ya steshenari imepokea flashi za watu hamsini siku hiyo. Intaneti haikuhitajika hata kidogo.

Karibuni alikuja mwalimu mmoja na flashi ya GB 8. Ndani yake zilionekana folda zake zote, “Mitihani Kidato cha Pili”, “Maazimio ya Kazi”, picha za mahafali. Lakini kila folda ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, na kila alipobofya, dirisha jeusi lilitokea kufumba na kufumbua kisha likapotea. Alishaambiwa na watu wawili kwamba mafaili yamekwisha, aifomati tu.

Nikamwonyesha kitu kimoja. Nilibofya kulia kwenye flashi na kufungua “Properties”: GB 3 zimetumika. Vile vimshale vyote kwa pamoja havikufika hata MB 1. Hizo GB 3 ni nini kama si kazi yake? Kirusi cha aina hii hakifuti chochote. Kinazificha folda halisi, kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile, na wewe ukiibofya ndiwe unayekifungulia mlango wa kompyuta yako. Aliyeifomati flashi ya namna hii amemaliza mwenyewe kazi ambayo kirusi hakikuifanya.

Tulianza kwa kuikagua flashi na Defender iliyosasishwa. Ikaviondoa vimshale na faili la kirusi lenyewe. Ndipo nikafungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na kuandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi. Kwako inaweza kuwa F au G, angalia kwanza. Tukasubiri. Folda zikaanza kurejea moja baada ya nyingine. Mwalimu hakusema neno mpaka alipoiona ya Kidato cha Pili.

Neno “iliyosasishwa” ndilo lenye uzito hapo. Microsoft hutoa orodha mpya za virusi kwa Defender mara kadhaa kwa siku, na kompyuta inayopata intaneti ya hotspoti ya simu mara moja kwa wiki inachelewa kuzipata. Kwa asiye na bando la kutosha kuna njia: orodha hiyo inapatikana pia kwenye tovuti ya Microsoft kama faili moja linalozidi MB 100. Lipakue mahali penye Wi-Fi, chuoni au kazini, ulibebe na ulibofye ukifika nyumbani. Hakikisha tu unalitoa kwa Microsoft wenyewe.

“Fundi kaniwekea ya kulipia kwa elfu kumi”

Alichokuwekea mara nyingi ni programu iliyovunjwa kufuli, kreki. Hebu kumbuka alivyofanya: kwanza alizima antivairasi iliyokuwepo. Maelekezo ya kreki karibu zote huanza hivyo, na mimi nawasihi watu wasimame hapo hapo na kujiuliza kwa nini. Nyingine hukamatwa kwa sababu tu ni zana za kuvunja kufuli, lakini nyingine zimebeba programu za kuiba nywila, na wewe huna namna ya kuzitofautisha. Umelipa elfu kumi ili mlinzi aondolewe getini na mgeni usiyemjua alazwe ndani. Hilo linanisikitisha kuliko virusi vya flashi, maana kompyuta hiyohiyo ndiyo watu huingilia kwenye barua pepe na akaunti zao za benki.

Wapo pia wanaodhani Windows ambayo haijaamilishwa (haijathibitishwa kuwa halali) hunyimwa Defender. Si kweli. Hata hiyo bado hupata masasisho ya Defender.

“Za bure zote ni sawa, pakua yoyote”

Hapa wasiwasi wa watu una msingi, ila unaelekezwa pasipo. Ubora wa ukamataji siyo shida kubwa. Uliza anayekupa bure anakula wapi. Avast, kampuni iliyoanzia Jamhuri ya Czech, ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot iliyouza taarifa za tovuti ambazo watumiaji walitembelea. Habari zilipofichuka Januari 2020, Jumpshot ilifungwa. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Programu iliyowekwa ili kulinda ndiyo iliyokuwa ikichungulia.

Majina nayo yanachanganya. Mtu anahangaika achague Avast, AVG, Avira au Norton, na zote nne sasa ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Kaspersky ya Urusi ina historia yake: Marekani ilipiga marufuku mauzo yake mwaka 2024 kwa hoja ya usalama wa taifa, lakini katika majaribio ya kukamata virusi imekuwa ikifanya vizuri kwa miaka mingi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila mtu apime lipi linamhusu.

Ukiamua kuweka nyingine badala ya Defender, ipakue kwenye tovuti ya mwenye nayo, na wakati wa kuiweka soma kila ukurasa. Ondoa tiki kwenye vivinjari na viongezo unavyosukumiwa. Matoleo mengi ya bure yanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, kwa hiyo mwenye steshenari asome masharti kwanza. Na lile tangazo linaloruka ukiwa mtandaoni, kwamba kompyuta yako imekutwa na virusi kadhaa, bofya hapa: tovuti haiwezi kuikagua kompyuta yako hivyo. Funga tu.

“Antivairasi ipo, nimemaliza”

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zilivurugikiwa hata ratiba za upasuaji. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha Windows yao.

Kwa hiyo antivairasi nzuri kwenye Windows 7, iliyoachwa bila masasisho tangu 14 Januari 2020, ni kufuli zuri kwenye mlango uliooza. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupata orodha za virusi hadi Oktoba 2028, lakini orodha haizibi matundu ya Windows yenyewe. Kama kompyuta inakubali Windows 11, ipandishe. Kama ni ya zamani na kazi yake ni kuandika na kuchapa, Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni ya bure na huja na LibreOffice, programu za kuandikia na mahesabu, ndani. Nimeiweka kwenye kompyuta mbili za majirani na wanafanya kazi zao.

Kisha kuna nakala. Mafaili yakishafungwa na kirusi cha kudai fedha, antivairasi inaweza kukiondoa kirusi, lakini kuyafungua ni jambo jingine, na mara nyingi haiwezekani. Mwalimu yule sasa ana flashi mbili. Ya steshenari hubeba PDF ya mtihani wa siku hiyo tu. Nyingine, yenye kila kitu, huchomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani kila Jumamosi, kisha inarudi kabatini.