Je, wajua kwa nini muvi za maisha ya waimbaji maarufu zinatuangusha sana?

Muvi ya mwimbaji mkubwa ikitangazwa tu watu tunapagawa, ikitoka wengi wetu tunanuna, na lawama zote anatupiwa muigizaji kwamba hafanani wala hajui kucheza. Mara nyingi anaonewa bure, shida ilianza kitambo kabla hata kamera haijawashwa, kwenye haki za nyimbo.

Iko hivi, ukitaka kuweka wimbo kwenye filamu unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ruhusa ya mwenye ile rekodi yenyewe, na mwimbaji akishafariki hizo ruhusa mara nyingi ziko kwa familia au kampuni. Maisha ya mtu maarufu unaweza kuyasimulia hata kama ndugu zake hawataki, ila nyimbo zake ndo huzigusi.

Wakikunyima inakuwa kama Stardust ya 2020, muvi ya David Bowie isiyo na wimbo hata mmoja alioutunga Bowie, jamaa anaimba nyimbo za watu wengine mwanzo mwisho. Ya Jimi Hendrix ya 2013 nayo yalikuwa yale yale, ikabidi wasimulie kipindi cha 1966 na 1967 tu, kabla hajawa supastaa.

Wakikubali sasa ndo pagumu zaidi, maana mwenye nyimbo anakuwa na sauti kwenye stori. Chukulia Bohemian Rhapsody ya 2018, muvi ya bendi ya Queen na mwimbaji wake Freddie Mercury, wenzake Brian May na Roger Taylor walishiriki kuitengeneza. Mle ndani Freddie anaonekana kama msaliti aliyeikimbia bendi akafanye kazi zake mwenyewe, halafu wanarudiana kwa ajili ya Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, tarehe 13 Julai 1985. Jamani, Queen hawakuwa wameachana! Albamu walitoa 1984, ziara yake imeisha Mei 1985, na huyo Roger alishatoa albamu yake binafsi tangu 1981, miaka minne kabla ya Freddie. Kuna pale mazoezini Freddie anawaambia wenzake ana UKIMWI, unalia kabisa, ila inavyojulikana majibu ya vipimo aliyapata 1987, yaani ugonjwa wa mtu umerudishwa nyuma miaka miwili ili shoo ya Live Aid mwishoni mwa muvi itutoe machozi, na hilo mimi limeniuma kuliko yote. Na Zanzibar alikozaliwa 1946, ambako familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi, imepita kwa maneno tu.

Pamoja na hayo ikabeba Oscar 4, kwa hiyo usitegemee watayarishaji wabadilike leo.

Ila mwenye nyimbo akiwa tayari kuanikwa mambo yanakuwa tofauti. Rocketman ya 2019 ni muvi ya maisha ya Elton John, na mwenyewe alikuwa mmoja wa watayarishaji na bado muvi inaanza yuko kwenye kikao cha walevi wanaotafuta kupona, anataja mwenyewe pombe, kokeini, na hasira zake.