Vijana Hutazama Kabla ya Kusikiliza: Kuhusu Wanaume Wanaojitolea Kuwa Walezi

Kazi yangu ni kuwaandaa wanaume waliojitolea kuwa walezi wa vijana wasio watoto wao, na karibu kila mmoja hunijia na swali lile lile: nimwambie nini? Wengi wameshajiandalia mawaidha kuhusu bidii, nidhamu na heshima, na hofu yao ni kwamba siku ikifika maneno yatawapotea. Huwaambia kwamba hata yakipotea si hasara kubwa, kwa kuwa mawaidha ni sehemu ndogo sana ya malezi ya namna hii.

Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo. Baadaye, watoto hao walipokutana na mwanasesere wa aina hiyo, waliiga mapigo na hata maneno waliyoyasikia, ilhali hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo. Wavulana waliiga mapigo hayo zaidi pale aliyeyaonyesha alipokuwa mwanamume. Utafiti huo ulihusu ukali, lakini watoto hujifunza upole na subira kwa njia hiyo hiyo ya kutazama.

Tuchukue mwanamume anayetengeneza baiskeli huku kijana amemshikia fremu. Nati imeshika kutu, spana inateleza, na vidole vinachubuka. Anachofanya katika sekunde chache zinazofuata ndicho kijana atakachoondoka nacho: huenda akaitupa spana na kutukana, huenda akamlaumu kijana kwamba hakushika vizuri, au huenda akanyamaza kidogo, akatafuta mafuta ya kulainisha, kisha akamuuliza mwenzake kama ana wazo lingine. Hata akishindwa kujizuia na kufoka, bado hajaharibu kila kitu, mradi arudi baada ya muda na kusema waziwazi, “Nimekosea kukufokea, samahani.” Kwa maoni yangu hakuna somo lenye thamani zaidi ya hilo, kwa sababu mvulana ambaye hajawahi kumsikia mwanamume mzima akiomba radhi hukua akiamini kwamba kuomba radhi ni kujidhalilisha, na imani hiyo huja kumgharimu katika ndoa, kazini na mbele ya watoto wake mwenyewe.

Kufanya kazi pamoja kuna faida nyingine. Mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama kitu kingine, kijana hufungua kinywa. Ukimketisha mbele yako na kumuuliza maendeleo yake, atakujibu “nzuri tu” mpaka uchoke, kwani kwake hayo ni mahojiano. Ndiyo maana nawashauri walezi wachague kutembea, kupika, kufua au kutengeneza kitu, na kijana akianza kusema, wasikatize kwa ushauri ambao hakuuomba.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote, hata hivyo, ni muda. Mwaka 2002, watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi wa mahusiano ya walezi na vijana katika mpango wa Big Brothers Big Sisters wa Marekani, unaowaunganisha vijana na watu wazima wanaojitolea. Vijana waliokaa na mlezi kwa mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, na wale ambao uhusiano wao ulikatika mapema sana walirudi nyuma katika baadhi ya mambo yaliyopimwa. Si ajabu, maana kijana aliyekwisha kuachwa na watu wazima huchukulia kuachwa tena kama uthibitisho kwamba kasoro iko kwake. Kwa hiyo namthamini zaidi mwanamume anayeahidi saa mbili kila baada ya wiki mbili na kuzitimiza, kuliko yule anayeahidi kila Jumamosi (hawa ndio wenye shauku kubwa mwanzoni) na kuanza kutuma visingizio ufikapo mwezi wa tatu wa uhusiano huo. Ikilazimu kuondoka, amuage kijana ana kwa ana na kumweleza sababu.

Wapo wanaoogopa kwamba wanatakiwa kuwa baba. Hawatakiwi. Mwanasaikolojia Emmy Werner, aliyefuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, aliona kwamba takriban theluthi moja ya waliolelewa katika mazingira magumu zaidi walikua watu wazima waliotulia na kujimudu. Miongoni mwa mambo yaliyowasaidia ni uhusiano wa karibu na mtu mzima mmoja wa kutegemewa, ambaye angeweza kuwa babu, jirani au mwalimu. Wasichana nao wanahitaji kumwona mwanamume anayewasikiliza na kuheshimu jibu lao la hapana.

Nayasema haya yote kwa sharti moja. Mzazi au mlezi wa nyumbani lazima ajue wapi na lini wanakutana, wakutane mahali ambapo watu wengine wanaweza kuwaona, na kusiwe na zawadi wala mazungumzo ya siri. Mwanamume anayekerwa na masharti hayo au na kuulizwa historia yake simkutanishi na mtoto wa mtu, hata awe na sifa nyingi kiasi gani.